Jibu: AC na mitungi ya gesi, USIPAKIE kabla leseni haijatoka

Umeuliza kama kontena lako la AC na mitungi ya gesi lipakiwe wakati leseni ya kuingiza gesi bado haijatoka. Mwambie muuzaji asimamishe upakiaji. Nimesoma ulivyoandika "wakala kasema mzigo uondoke tu, leseni itaukuta bandarini" tumbo likanikoroga. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, na demareji (faini ya kontena kuchelewa bandarini) nikalipa mimi.

Tatizo lako si AC, ni ile mitungi 40 ya R-410A, gesi ya kupozea, uliyochomeka kwenye kontena hilohilo. Hiyo ni HFC (kundi la gesi za kupozea zinazoongeza joto duniani), nusu R-32 nusu R-125, na nchi iliyoridhia Marekebisho ya Kigali ya 2016, mkataba wa kuzipunguza gesi hizo, haitakiwi kuiruhusu iingie bila leseni. Sasa hati ya shehena ina tarehe ya kupakia, leseni ina tarehe ya kutolewa. Leseni ikitolewa baada ya kupakia, umeshasafirisha bila leseni, kwa ushahidi wa karatasi zako mwenyewe. Mitungi ikizuiwa, kontena zima linakaa, na AC zako zinapanga chumba bandarini kwa malipo ya kila siku.

Mawakala wa namna hii (simtaji wangu, moyo wangu haujapoa) wanachanganya leseni mbili. Kwa kanuni za WTO (Shirika la Biashara Duniani), leseni ya moja kwa moja, ile anayopewa kila aliyetimiza masharti, haizidi siku 10 za kazi. Gesi yenye mgawo (kiwango cha mwisho unachoruhusiwa kuingiza) haimo humo: ni hadi siku 30 maombi yakishughulikiwa kwa zamu ya kufika, 60 yakichambuliwa kwa pamoja. Piga hesabu na safari ya meli. Wakala hana hasara, atakuchaji tena "kufuatilia".

Leseni ikitoka, ilinganishe na proforma (ankara ya awali ya muuzaji) mstari kwa mstari. Muuzaji huandika "mitungi 40", wakati mgawo huhesabiwa kwa gesi yenyewe bila chuma: mitungi 40 mara kilo 11.3 za gesi kila mmoja, yaani kilo 452. Akijaza uzito wa jumla, umevuka mgawo kwa vyuma vitupu! Na msimbo wa HS (namba ya bidhaa ya forodha) tangu 2022 ni 3827; anayenakili ankara ya zamani atakuwekea 3824.

Kwenye mkataba weka: hakuna kupakia kabla muuzaji hajapokea nakala ya leseni, na tarehe ya mwisho ya kupakia iwe ndani ya muda wa leseni. Kama mashine zenyewe kwenu hazidai leseni, zitangulie, mitungi ibaki.

  Mpigie muuzaji kwanza, kabla hawajapiga lakiri kontena.