Mwaka wa mavuno au udongo: kipi huamua divai nyeupe kavu itazeeka vipi?
Mwaka wa mavuno ndio wenye uzito zaidi, kwa sababu kinachoilinda divai nyeupe isiyo na utamu kwa miaka mingi ni asidi, na asidi ya maliki (ile inayolipa tufaha bichi uchachu wake) huteketea ndani ya zabibu jua linapokuwa kali. Majira ya joto ya 2003 barani Ulaya yaliishusha kiasi kwamba Umoja wa Ulaya uliruhusu watengenezaji waongeze asidi hata katika maeneo ya baridi ambako kwa kawaida hilo halikubaliki. Divai nyingi nyeupe za mwaka huo zilikuwa nzito na za kuvutia zikiwa changa, ila zilichoka mapema.

Udongo nao una nafasi yake, lakini si kwa kupitisha ladha ya mawe kwenye glasi, dhana ambayo wanajiolojia wameipinga kwa hoja nzito. Kazi yake kubwa ni kudhibiti maji na joto: mchanganyiko wa chokaa na mfinyanzi wa Chablis, eneo la divai nyeupe nchini Ufaransa, uliojaa visukuku vya chaza, hupitisha maji ya ziada na bado huhifadhi unyevu wa kutosha wakati wa kiangazi, hivyo mzabibu haudhoofiki na zabibu huiva taratibu.

Zingatia pia uamuzi wa mkulima. Katika Hunter Valley, Australia, zabibu nyeupe za Semillon huchunwa mapema, asidi ikiwa bado juu, na divai yake, yenye kilevi cha takriban asilimia 10 hadi 11, hupata harufu ya asali na mkate uliobanikwa baada ya miaka 10 au zaidi, bila kuguswa na pipa la mwaloni.