Kabla hujagusa msimbo wa seva, ifanye hitilafu itokee mbele yako

Mwaka 2019 nilikuwa nahudumia mfumo wa duka moja la jumla pale Kariakoo, wauzaji wa vitenge na mashuka. Mteja akilipa kwa keshia anapewa karatasi yenye namba, anakwenda nayo stoo nyuma ya duka, anapewa mzigo wake. Sizungumzii risiti za mashine ya EFD, hizo zina utaratibu wake. Namba ya karatasi ilikuwa inatolewa na seva ya hifadhidata yenyewe, MySQL toleo la 5.7, kupitia AUTO_INCREMENT: kila rekodi mpya inayoingia kwenye jedwali inapewa namba inayofuata.

Asubuhi moja mama mwenye duka akanipigia. "Fundi, njoo upesi. Namba moja wameishika watu wawili."

Nilimkuta mfanyabiashara kutoka Morogoro amesimama mlangoni na karatasi namba 20417. Amelipia marobota 14, na marobota yenyewe yalishapakiwa kwenye guta na kijana aliyekuja mapema na karatasi ya namba hiyohiyo. Kijana hakuwa mwizi. Tajiri yake alikuwa ameandikiwa karatasi ile jioni iliyotangulia, hela ikapelea, keshia akaifuta kwenye mfumo lakini karatasi ikabaki mfukoni. Kesho yake kijana akatumwa nayo bila kuambiwa. Mzee wa stoo akaangalia kwenye kompyuta, akaona 20417 imelipiwa, akatoa mzigo. Yeye alifanya kazi yake sawasawa.

Mzigo ulirudi siku hiyohiyo, namshukuru Mungu. Mimi ndiye niliyekosea kwa kukimbilia kurekebisha kitu nisichokijua. Nilijiaminisha kwamba makeshia wawili wamebonyeza kwa wakati mmoja na seva ikawapa namba moja. Kwa siku tatu nikaongeza kufuli kwenye jedwali, ili keshia mmoja tu aandike kwa wakati mmoja, foleni ya malipo ikawa ndefu kuliko kawaida, na baada ya wiki mbili tatizo likajirudia vilevile. Aliyenifumbua macho ni yule mzee wa stoo, mtu asiyejua hata hifadhidata ni nini. "Mwanangu, mbona jambo hili naliona asubuhi tu, tena siku ambayo usiku wake umeme ulikatika na betri ikaisha?"

Usiku ule nilikaa na laptopu nyumbani nikaandika mistari michache. Tengeneza jedwali. Ingiza rekodi tatu. Futa ya tatu. Ingiza nyingine. Ikaja namba 4, kama inavyotakiwa, nikakaribia kufunga nikalale. Kisha nikakumbuka maneno ya mzee. Nikarudia tangu mwanzo, ila baada ya kufuta rekodi ya tatu nikazima seva na kuiwasha upya. Rekodi mpya ikapewa namba 3. Nilirudia mara kumi, na mara zote kumi ikaja 3.

Chanzo ni hiki. Katika toleo hilo la 5.7 na yaliyolitangulia, InnoDB, yaani sehemu ya seva inayohifadhi data, iliweka hesabu ya namba inayofuata kwenye RAM tu. Seva ikizimika, hesabu inapotea. Ikiwaka, inatafuta namba kubwa iliyobaki kwenye jedwali na kuongeza moja. Dukani kwetu rekodi za karatasi zile, risiti zetu za stoo, zikifutwa zilikuwa zinahamishiwa jedwali la kumbukumbu na kuondolewa kwenye jedwali kuu. Kwa hiyo risiti ya mwisho ya siku ikifutwa, umeme ukakatika usiku, risiti ya kwanza ya asubuhi inarithi namba ya marehemu.

Nilipoanza kutafuta nikakuta sikuwa wa kwanza. Ripoti ya hitilafu hii iko kwenye daftari la MySQL kwa namba 199, imeandikwa tangu Machi 2003. Marekebisho yamekuja na MySQL 8.0, iliyotangazwa tayari kwa matumizi Aprili 2018. Miaka 15! MariaDB, seva iliyochipuka kutoka MySQL, waliirekebisha kuanzia toleo la 10.2.4. Wengi huita huo uzembe, na nilipofika hapo mwanzo nami nilisema hivyo. Lakini tazama kilichohitajika: katika 8.0 kila hesabu inapobadilika, thamani yake inaandikwa kwenye logi ya kurudishia data, kisha inahifadhiwa kwenye kamusi ya data ya seva kila inapofika hatua ya kuweka alama (checkpoint), pale seva inapoandika kwenye diski mabadiliko yaliyokuwa kwenye RAM. Hapo umegusa njia ambayo kila rekodi mpya duniani inapita. Huendi kugusa sehemu kama hiyo kwa kubahatisha.

Na hata 8.0 haikupi ahadi zote. Muamala, yaani kundi la amri linalokamilika lote au kufutwa lote, ukirudishwa nyuma, namba iliyokwisha kutolewa hairudi, na unabaki na pengo. Ndiyo maana dukani sikungoja kuhamia toleo jipya. Niliacha kufuta risiti, nikaweka safu ya hali inayosema imefutwa, na namba ya karatasi nikaitoa kwenye jedwali dogo la peke yake linalosomwa kwa SELECT ... FOR UPDATE, amri inayoifungia rekodi hiyo mpaka muamala uishe, ndani ya muamala uleule wa malipo. Ukiwa katika mji ambao umeme unakatika, acha pia innodb_flush_log_at_trx_commit, mpangilio unaoamua logi iandikwe lini kwenye diski, ibaki 1, yaani kila muamala unapokamilika. Kuna watu wanaiweka 2 ili seva iende kasi; umeme ukikatika, miamala ya sekunde nzima ya mwisho inaweza kupotea huku mteja ameshaambiwa amelipa.

Sasa kwa vijana wanaoniandikia kwamba wanataka kuchangia kwenye seva zenyewe, MySQL, MariaDB au PostgreSQL: msianze kwa kusoma msimbo. Ni C na C++ nyingi mno, mtazama. Anzeni na ile mistari michache. MySQL na MariaDB zina programu ya majaribio iitwayo mtr. Unaandika faili la .test lenye amri zako, na faili la .result lenye majibu unayoyatarajia. Ndani ya .test unaweza hata kuiagiza seva izime na kuwaka katikati ya jaribio, ndicho nilichokihitaji mimi. Jaribio linaloshindwa leo na litakalofaulu baada ya marekebisho ni mchango kamili, hata kama marekebisho yataandikwa na mtu mwingine.

Taja toleo kamili, amri moja baada ya nyingine, ulichotarajia na ulichopata. Data ya mteja usiipeleke popote. Majina ya kubuni yanatosha. Ukifikia hatua ya kujenga seva kutoka kwenye msimbo, ijenge kwa hali ya Debug. Itakwenda polepole, lakini ndani yake kuna ukaguzi mwingi unaoisimamisha seva palepale jambo linapokwenda kombo, na unaona mstari wenyewe. Ujenzi wa kwanza unachukua muda mrefu, kwa hiyo chaji betri kabisa kabla hujaanza, na weka ccache, programu inayotunza matokeo ya ujenzi uliopita, ili ujenzi wa pili usirudie yote.

Lile faili langu bado ninalo. Kila nikitaka kuhamisha mteja kwenda toleo jipya, naliendesha kwanza kwenye nakala, nazima seva, nawasha, naingiza rekodi, nasubiri nione ni namba gani. Siku nilipowahamisha wale wa Kariakoo kwenda 8.0, mzee wa stoo alikuwa amesimama nyuma yangu na miwani yake. Ikaja 4.

"Hiyo ndiyo yenyewe?" akauliza.

"Ndiyo yenyewe, mzee."