Gauni jeupe chini ya jua la Kisumu

Ilikuwa saa saba mchana, jua liko utosini. Nilikuwa napiga picha za harusi nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi, na kila nikiangalia skrini ya kamera naona giza. Nikaongeza mwanga. Nikaangalia tena, bado giza, nikaongeza tena. Usiku nilipofungua kazi kwenye kompyuta, gauni lote lilikuwa shuka jeupe. Mkunjo hakuna, lesi hakuna.

Wiki mbili baadaye mama yake akanipigia. "Mwanangu, yale maua niliyodarizi kwa mkono mbona siyaoni?"

"Samahani, mama," nikasema, maana hata kwenye faili hayakuwepo.

Juani skrini yoyote huonekana nyeusi, basi ukiifuata utaunguza picha. Mimi siku hizi natazama histogramu, ule mchoro kama kilima: kushoto weusi, kulia weupe. Kilima kikirundikana kwenye ukuta wa kulia, punguza mwanga. Kamera nyingi pia zina onyo la kumetameta penye weupe uliopita kiasi. Liwashe, hata kama linakera. Na piga kwa RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Kivuli utakiinua nyumbani, kitakuja na chengachenga kidogo, lakini weupe ulioungua kabisa haurudi.

Skrini tumemalizana nayo. Kinachowasumbua wengi zaidi ni kipima mwanga chenyewe. Hicho hakijui gauni wala ngozi. Kinachukulia kwamba kila ulichokielekezea ni cha kijivu cha wastani, chenye kurudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Nenda Ziwa Nakuru ukalijaze fremu kwa flamingo: kamera itaona weupe umezidi, ipunguze mwanga, na ndege watoke wamefifia kama waliopakwa majivu. Hapo unaongeza, kwa kawaida hatua moja, yaani mwanga mara mbili. Geukia nyati, kamera itamfanya awe wa kijivu. Unapunguza hatua moja. Wanafunzi wangu karibu wote hufanya kinyume mara ya kwanza. Hata mimi nilifanya.

Sasa mchukue bibi harusi mwenye ngozi nyeusi ndani ya gauni jeupe. Ukisogea usoni, kamera inaongeza mwanga, gauni linaungua. Ukirudi nyuma gauni likajaa fremu, inapunguza, uso unazama. Mtu ni yuleyule, jua ni lilelile! Ndiyo maana mwanga usipobadilika mimi huweka M, kamera isijipangie mwanga yenyewe, napima mara moja, halafu siguzi kitu. Jua likiwa kali bila wingu, kanuni ya wazee wa filamu bado inafanya kazi: tundu la lenzi f/16, na kasi ya shata, ile pazia inayofunguka kuingiza mwanga, ikaribiane na ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga: ISO 100 kwa 1/100 au 1/125 ya sekunde. Ukifungua lenzi hadi f/8 umeongeza hatua mbili, kwa hiyo shata inapanda hadi 1/500.

Lakini hata ukipima sawasawa, jua la mchana huku kwetu halina huruma. Ikweta inapita Maseno, karibu tu na Kisumu. Kuna miezi jua linasimama wima kabisa na macho ya watu yanageuka mashimo. Fleshi itasaidia kidogo. Kivuli kitasaidia zaidi. Omba watu wasogee chini ya mti, watakusonya, watasogea.

Nilirudi kwa yule mama kwa gharama yangu. Saa kumi na moja jioni tukalitundika gauni kwenye tawi la mwembe: ISO 200, f/4, 1/250, kilima kikiishia karibu na ukuta wa kulia bila kuugusa. Nikamkuzia picha kwenye skrini, tukiwa kivulini safari hii. Akavaa miwani, akahesabu maua moja moja, akafika la saba akasita.

"Hili nililishona vibaya," akasema. "Huwezi kulificha?"