Fedha zimekatwa, oda bado inasomeka "haijalipwa"

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi na mdogo wangu tunabangua na kufungasha korosho hapa Mikindani, na wateja wetu wa Dar es Salaam na Arusha walizoea kututumia fedha kwenye laini yangu ya simu. Mwezi uliopita kijana mmoja alitutengenezea tovuti yenye sehemu ya kulipia, akaijaribu mara moja, akasema iko sawa. Wiki hiyohiyo mteja wa Arusha alikatwa fedha, lakini oda yake ikaendelea kusomeka "haijalipwa", nasi tukakaa na mzigo wake siku tatu. Tumekosea wapi?
Mbanguaji, Mikindani

JIBU: Salaam, dada yangu. Pole kwa usumbufu, na pole zaidi kwa mteja wako. Mteja anapobonyeza "Lipa", ombi huja kwenye simu yake, na akishaingiza namba ya siri, habari ya malipo husafiri kwa njia mbili: yeye mwenyewe hurudishwa kwenye ukurasa wa tovuti yenu, na kampuni inayowapokelea malipo hutuma taarifa moja kwa moja kwenye seva yenu, yaani kompyuta inayoendesha tovuti. Mteja akifunga ukurasa au mtandao wake ukikatika, njia ya kwanza hupotea, kwa hiyo ile ya pili ndiyo inayopaswa kubadili oda. Yaelekea kijana wenu aliitegemea ya kwanza, kwa kuwa siku ya jaribio alisubiri ukurasani hadi mwisho. Airekebishe tovuti ifuate njia ya pili, na seva ihakiki kila muamala kwa kampuni hiyo, ikilinganisha namba ya kumbukumbu na kiasi kilicholipwa, kabla ya kuandika "imelipwa".

Kisha jaribuni upya, safari hii kwa kufanya makusudi yale yanayowapata wateja bila kutaka. Weka simu juu ya meza ya kufungashia, na ombi la namba ya siri likitokea, liache lizimike lenyewe. Rudia kwa kukosea namba ya siri, kwa laini isiyo na salio, kwa kubonyeza "Lipa" mara mbili, na kwa kufunga ukurasa mara tu baada ya kulipa, huku mdogo wako akiandika daftarini oda inasomekaje kila mara.

Haya yote yaanzie katika mazingira ya majaribio, ambako hakuna fedha halisi inayotembea. Mkihamia kwenye malipo halisi, hakikisheni kijana amebadilisha na funguo za siri za mfumo, yaani zile zinazoitambulisha tovuti yenu kwa kampuni ya malipo, maana zikibaki zile za majaribio, oda zinaweza kusomeka zimelipwa ilhali hakuna hata shilingi iliyoingia. Hapo lipeni shilingi 1,000 kwa M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa, kila mtandao peke yake, kisha subirini hadi fedha ziingie kwenye akaunti yenu ya benki, mwone makato ni kiasi gani, na mjaribu kurejesha malipo mamoja.

Jambo moja naliomba kwa msisitizo: msipakie mzigo kwenye basi kwa kuonyeshwa picha ya ujumbe wa muamala, kwa sababu ujumbe wa aina hiyo hughushiwa kwa urahisi. Na kama hamna uhakika na kampuni inayowapokelea malipo, ulizeni tawi la Benki Kuu hapo Mtwara mjini iwapo ina leseni chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015.

Yule mteja wa Arusha mpigie leo, umwombe radhi, na umwulize kama bado anataka korosho zake au arejeshewe fedha.