Kabla hujaandika barua ya ruhusa

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako niliusoma mara mbili bila miwani na mara ya tatu nikiwa nayo. Unauliza uende ukasome shahada ya uzamili ya utawala wa umma, au hela hiyo uitie kwenye msingi wa nyumba, kwa kuwa mtendaji mwenzako wa kata ya jirani ana masta na mshahara wenu ni ule ule. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu utanikatiza.

La mshahara tulimalize kwanza. Mwenzako hajakudanganya. Masta peke yake haimpandishi mtu daraja. Kuna muundo wa utumishi wa kada yako, kuna miaka uliyokaa kwenye daraja, kuna tathmini zako, halafu nafasi yenyewe iwepo kwenye ikama, ile idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na kwenye bajeti. Nimekaa utumishi miaka thelathini na mbili. Nimewaona waliorudi na alama za juu wakakuta bajeti haiwajui, wakanuna, na kule kununa kukawaharibia hata kazi waliyokuwa wakiiweza. Kama ni mshahara unaoufuata, jenga. Saruji haihitaji kibali cha mkurugenzi.

Ila pale mwisho uliweka sentensi ambayo nadhani hukuikusudia: "Siku nyingine nasaini maelekezo ambayo hata sijui yametoka wapi." Hiyo ndiyo ninayoijibu.

Mwaka 1995 nilikuwa afisa utumishi kijana kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Nchi nzima ilikuwa kwenye upunguzaji. Wafadhili walitaka serikali iwe ndogo, na miaka ile ya tisini watumishi waliondolewa kwa makumi ya maelfu. Nikaletewa jalada: tayarisha orodha. Kigezo cha kwanza kilikuwa elimu ndogo, na kwa kigezo hicho akaangukia humo mhudumu wetu wa masjala, chumba cha kutunzia majalada, mzee wa darasa la nne. Mzee yule ukimwambia "lile jalada la mgogoro wa shamba la mkonge" anakwenda rafuni bila kusoma namba, analitoa, na anakwambia folio ya muhimu, yaani karatasi yenye namba humo ndani, ni ya ngapi. Nilijua tunakosea. Nilikaa na karatasi ya dokezo sabili, ile ya kumwandikia mkubwa maoni ndani ya ofisi, mbele yangu kutwa nzima, maneno hayaji. Jioni nikaandika "Nawasilisha kwa hatua zako", nikasaini. Mzee akaondoka na mkono wa kwaheri wa soda na biskuti.

Mwaka 2003 nikapelekwa kozi fupi. Mwalimu akaandika ubaoni kwamba mambo yale yalikuwa na jina: menejimenti mpya ya umma. Yalichemkia Uingereza na New Zealand miaka ya themanini, serikali iendeshwe kama kampuni na mwananchi ahesabiwe mteja. Akaendelea kueleza kwamba wapo wasomi waliokuwa wameyapinga tangu mapema, kwa hoja. Nilitoka nje nikasimama chini ya mwembe. Kumbe niliyoyahisi yalikuwa na maneno yake, na maneno hayo yangejaa nusu ukurasa tu: kwamba cheti hakipimi kumbukumbu ya ofisi, kwamba tutaokoa mshahara mmoja na kupoteza majalada mia. Huenda wasingenisikiliza. Lakini folio ingekuwepo, na anayefungua jalada lile leo angeona kuna mtu aliuliza.

Nikuambie na hili ili ujue anayekushauri ni nani. Mwaka 1997 niliomba ruhusa ya kwenda kusoma zaidi. Barua yangu ilipotelea masjala ile ile. Waliitafuta mwaka mzima, muda wa maombi ukapita, nikapata mimba yako, mambo yakawa mengine. Mzee wetu angekuwepo angeipata kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo mimi ni mtu niliyekosa masomo hayo, na aliyekosa kitu hukisifia zaidi. Pima maneno yangu kwa mizani hiyo.

Babu yako naye. Mwishoni mwa miaka ya hamsini alishuka kutoka Mgeta na lori la mboga, akateremkia Mzumbe, wakati ule ikiwa Shule ya Serikali za Mitaa. Waingereza waliianzisha 1953 kuwafunza machifu na watumishi wa mamlaka za wenyeji. Akafundishwa kutunza daftari la kodi na kuandika kwa mwandiko ambao hata wewe umeuona kwenye Biblia yake. Akawa karani wa halmashauri. Mwaka 1972 serikali ikazifuta halmashauri za wilaya kwa mpango wa Madaraka Mikoani. Babu yako akaamka siku moja mwajiri wake hayupo, na dawati lake limehamia kwa watu wengine. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuzirudisha, 1984 zikaanza kazi, naye akaitwa tena kana kwamba alikuwa ametoka kunywa maji. Hakuna aliyemweleza kwa nini ziliondoka wala kwa nini zimerudi. Ukimuuliza alikuwa anasema, "Wakubwa walikaa." Kwamba mpango ule wa kuzifuta ulishauriwa na kampuni ya Kimarekani iitwayo McKinsey nilikuja kulisoma mimi nikiwa na zaidi ya miaka arobaini. Yeye alikufa halijui.

Mimi niliingia Mzumbe hapo hapo mwaka 1986, kwa stashahada ya juu, pakiitwa IDM, yaani Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, kwa sababu ile shule ya babu yako ilikwisha kuunganishwa na taasisi ya utawala ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu 2001 ni chuo kikuu. Ukipanda gari la Mgeta pale Sangasanga utapita mlangoni pake. Sikulazimishi Mzumbe; Dar es Salaam wanafundisha, Dodoma wanafundisha, na Dodoma uko karibu na wizara zote. Naitaja kwa sababu ndiyo ninayoijua, na kwa sababu toka hapa Kihonda naweza kukuletea chakula.

Masomo yenyewe yatakuchosha kwa namna mbili. Utakutana na nadharia ambazo mwanzoni zitakuwa kavu kama muhogo wa juani. Yuko Mjerumani Max Weber, usimcheke. Ndiye aliyeeleza kwa nini jalada lina namba, na kwa nini ofisi si mali ya anayeikalia. Ya pili, utasomeshwa kwa Kiingereza mambo utakayoyafanya kwa Kiswahili. Hapo ndipo wengi wanaporudi na midomo mizito. Wanajua sura nzima juu ya uwajibikaji na hawawezi kuisema mbele ya wazee wa kijiji. Wazee hao wanalijua neno hilo kwa njia yao. Wanamkumbuka Mzee Mwinyi, alivyojiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa vifo vya mahabusu ambao yeye hakuwagusa kwa mkono wake. Kila somo ukitoka darasani, liandike upya kwa Kiswahili cha dokezo, ukurasa mmoja. Usipoweza, hujalielewa.

Halafu tasnifu. Uliniambia vijiji vyako viwili havijasomewa mapato na matumizi tangu mwaka jana kwa sababu akidi ya mkutano mkuu haitimii, na sheria inataka mkutano huo kila miezi mitatu. Nenda na swali hilo, usitafute jingine. Kwa nini watu hawaji? Ni siku ya mnada? Ni tangazo kubandikwa ofisini kwa mtendaji ambako hapiti mtu? Au walikuja mara tatu, wakauliza kuhusu hela za zahanati, wakajibiwa jeuri? Una mihutasari, una rejesta za mahudhurio, una watu wanaokujua. Wenzako watahangaika kuomba data. Wewe umelala juu yake. Najua pia kuna vijana wanaowaandikia watu tasnifu kwa malipo. Ukifika huko, bora hela ile ungenunua mabati.

Hela sasa. Bodi ya Mikopo bado inakukata asilimia 15, na ukiongeza mkopo wa benki usisahau ile theluthi ya mshahara ambayo makato hayatakiwi kuigusa. Piga hesabu mapema, usije ukasoma muhula mmoja ukakwama. Baba yako ameahidi ada ya muhula wa kwanza. Ameahidi mbele yangu, kwa hiyo ipo. Kiwanja usikiuze. Mtoto mniletee mimi, nimezeeka ila sijachoka, na shule ya awali iko hatua mia kutoka getini. Mwenzako mweleze vizuri mwenyewe, mimi sitamwelezea mume wa mtu.

Na la mwisho ndilo la kwanza kulifanya. Usiondoke bila ruhusa ya maandishi, hata kama bosi wako amekuambia kwa mdomo "nenda tu binti, tutaweka sawa." Hawataweka sawa. Atahamishwa, atakuja mwingine, na wewe utaandikiwa utoro kazini. Hakikisha jina lako limeingia kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Barua yako ipitie kwa wakubwa wako wote wa ngazi ya katikati, ipeleke masjala mwenyewe, simama pale mpaka nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na umuulize jina aliyeipokea. Ukitoka hapo, ipige picha unitumie, na nakala nyingine mpe kondakta wa basi aniletee.

Nimeshanunua jalada. Nimeliandika jina lako juu na namba, folio ya kwanza ndiyo ninayoisubiri.

Mama yako,
Kihonda, Morogoro