Mke yuko kwenye kemo na Ramadhani imefika

Kaka, pole na uuguzi. Umesema shemeji katundikiwa dripu ya nne ya kemo, yaani dawa za saratani, wiki iliyopita, na anaona haya kula mchana nyumba nzima imefunga. Asifunge. Al-Baqara aya ya 184 inamruhusu mgonjwa kula, alipe siku nyingine; asiyetarajia kupona hutoa fidia, kulisha maskini mmoja kwa kila siku. Mpelekee uji wa vuguvugu chumbani, maana harufu ya chakula cha moto huchochea kichefuchefu.

Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu, zinazopambana na maambukizi, hushuka sana. Wageni wa futari wamsalimie kutoka barazani, hata mama mkwe. Nunua kipimajoto: kikisoma 38, hospitali usiku huohuo. Usimpe parasetamo kwanza. Huficha homa huku maambukizi yakiendelea.