Wachapishaji Wadogo na Hadithi za Sayari za Mbali: Mnauliza, Tunajibu

Mhariri, nimesikia riwaya za Foundation za Isaac Asimov, yule mwandishi Mmarekani wa hadithi za kisayansi, zilitolewa kwanza na kampuni ndogo. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Ni kweli. Gnome Press ya New York, iliyoanzishwa 1948 na Martin Greenberg na David Kyle, ndiyo iliyotoa vitabu vyote vitatu vya mwanzo kati ya 1951 na 1953. Kabla ya hapo, hadithi hizo zilikuwa zimetoka vipande vipande kwenye majarida ya bei rahisi, yale ya karatasi duni inayogeuka njano na kumeguka mkononi. Wachapishaji wakubwa waliziona ni za kusoma na kutupa. Aliyezitia jalada gumu, zikakaa maktaba, ni mchapishaji mdogo.

Watu hao walipata wapi mtaji? (Msomaji, Mombasa)

Mifukoni mwao. Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha kampuni ya Arkham House. H. P. Lovecraft alifariki 1937 akiwa maskini, hadithi zake za kutisha zimetawanyika majaridani. Rafiki zake wawili wa barua, August Derleth na Donald Wandrei, wakazikusanya na kubisha hodi kwa wachapishaji wakubwa. Wakakataliwa. Mwaka 1939 wakaamua kuzitoa wenyewe, kutoka mji mdogo wa Sauk City, jimbo la Wisconsin. Derleth alikuwa amekopa benki fedha za nyumba yake. Sehemu ya mkopo ule ikaenda kwa mchapaji. Zikatoka nakala 1,268, kila moja dola 5, bei kubwa kwa wakati ule, na zilichukua miaka kama minne kuisha. Hata jina la kampuni walilitoa kwenye Arkham, mji wa kubuni wa hadithi za marehemu. Mwaka 1947 kampuni hiyohiyo ikatoa kitabu cha kwanza cha Ray Bradbury, mwandishi mwingine wa hadithi za kisayansi. Kila nikikumbuka mkopo ule wa nyumba, namheshimu sana Derleth.

Mbona basi nyingi za kampuni hizo ndogo zilikufa?

Miaka ya 1950 wachapishaji wenye mtaji, Doubleday na Ballantine kwa mfano, waliingia sokoni. Mdogo akichapa nakala elfu, fedha yake yote inalala stoo mpaka ziuzwe. Gnome ilishindwa kulipa mirabaha, yaani fungu la mauzo analolipwa mwandishi, ipasavyo, Asimov akiwa mmoja wa waliolalamika, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafunga.

Kampuni moja imeupenda mswada wangu wa fantasia, ila inataka nichangie nusu ya gharama. Nikubali? (Msomaji, Arusha)

Usikubali, ndugu yangu. Mchapishaji huweka fedha yake kwenye kazi yako, kisha akakulipa mrabaha. Anayekutoza wewe anakuuzia huduma ya uchapaji. Ukitaka kujichapishia, hilo ni jambo la heshima, lakini hakimiliki na nakala zote ziwe zako. Na mkataba wowote utakaosaini uwe na kifungu cha kukurudishia haki kitabu kikiacha kuchapwa. Mimi nilisaini kurasa mbili zisizo na kifungu hicho. Kampuni ikafunga milango, na hadithi zangu tisa zimefungiwa humo mpaka leo.

Kwa Kiswahili tuna nini? (Msomaji, Bujumbura)

Tunayo Walenisi ya Katama Mkangi, 1995: mtu aliyehukumiwa kifo anarushwa angani ndani ya chombo, anatua kwenye dunia yenye haki. Iliitoa East African Educational Publishers ya Nairobi, na jina la kampuni lenyewe, "Educational", yaani ya elimu, linaeleza mengi, kwa sababu wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule. Riwaya isiyoingia darasani hupata taabu kupata wa kuthubutu kuichapa. Ndiyo maana nimefurahi sana kuona Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikichapa miswada iliyoshinda tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Mlango huo haudai mtaala. Nakala yangu ya Walenisi niliinunua kwa muuza vitabu wa barabarani, na ukurasa wa kwanza una muhuri wa shule ya sekondari.